Mke wa Pili wa Mzee Reginald

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Bibi Julia, mwenye nyumba, mwenye masufuria na mwenye neno la mwisho, mimi Queen, mwanafunzi wa kidato cha tano, natangaza kwa umma wa Newala na vitongoji vyake kwamba Tume ya Kumtafuta Mke wa Pili wa Mzee Reginald imeanza kazi rasmi. Tume ina mwenyekiti mmoja, ambaye ni mimi. Ina katibu mmoja, mimi pia. Makao makuu ya Tume ni jikoni, na mwenyekiti ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa kiti kimekaliwa na kuku anayeatamia.

Kuku si mtuhumiwa. Nililithibitisha hilo mapema.

Kesi ilizuka jana asubuhi, sebuleni, mbele ya mashahidi. Babu na Bibi wanabangua korosho nyumbani na kuuza punje kwa kampuni iitwayo Punje Bora. Kampuni hiyo imeweka katika kila nyumba ya mbanguaji kisanduku chenye akili mnemba. Kinasikia, kinasema, kinashauri juu ya moto na chumvi, na kila asubuhi kinataja bei ambayo kampuni itatoa siku hiyo. Watu wamekibatiza Mwali, kwa sababu kinakaa ndani, hakitoki, kinafunikwa kanga kisiingie vumbi, na kila apitaye anakifundisha jambo.

Jana Bibi alimfunua Mwali akauliza bei. Mama Trevor, mwenzake wa kwaya, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuazima ungo.

"Bei ya leo kwa nyumba hii imeshuka," Mwali alisema kwa ile sauti yake ya upole isiyojua kupaliwa na mate. "Nyumba ina wake wawili na dalili za mgogoro."

"Ina wake wangapi?" Bibi akauliza.

"Wawili."

Mama Trevor aliondoka na ungo, na habari akaichukua bila kuazima.

Ili msomaji apime uzito wa jambo hili, lazima ajue kwamba Babu ni mzee wa kanisa. Ndiye anayepitisha sahani ya sadaka, amevaa shati jeupe, uso umekunjamana kwa utakatifu. Ukoo wetu ni wa Waanglikana tangu babu wa babu yake, kule Masasi. Kwetu mke wa pili si jambo la kunong'onwa, ni jambo la kuitiwa Padri.

Bibi hakupiga kelele. Alimfunika Mwali kanga yake, juu ya kanga akaweka sufuria kubwa, akaingia chumbani na kuanza kufunga mzigo. Kesho, gari la kwanza la Masasi, anakwenda kwa kaka yake, Mzee Petro. Na kwetu mwanamke akirudi kwa kaka yake na mzigo kichwani, hakwenda kusalimia. Kaka ndiye mwenye neno la ukoo. Akishampokea dada yake, watu watakaa vikao mpaka mikeka ichakae.

"Una mpaka kesho jioni, mke mwenza," Bibi aliniambia. "Nataka kumjua. Nikimjua nitaamua."

Mke mwenza ni mimi. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana hivyo: Babu ananiita mke wake, Bibi ananishtaki kwa kumnyang'anya mume, tunacheka, ugali unaliwa. Jana neno lilikuwa lile lile, lakini hakucheka nalo.

Alinichagua mimi kwa hoja moja. Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani kutoka shule yetu ya bweni kwa kosa la kuiendeshea kengele ya shule ibada ya mazishi, pamoja na wasifu wa marehemu. Bibi anaamini mtu wa namna hiyo anazijua hila zote.

Amri yangu ya kwanza ilikuwa kwamba Mwali asiguswe wala asisemeshwe na mtu yeyote. Ni kielelezo. Kielelezo hakipigwi soga.

Nilianza na mtuhumiwa mkuu. Nilimkuta bandani, nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kigoda, rungu dogo mkononi, lundo la korosho zilizokaangwa mbele yake, na vidole amevipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome.

"Shikamoo, mtuhumiwa."

"Marahaba, mke wangu."

"Tume haina undugu na mtu."

"Basi Tume isogee, inanizibia mwanga."

Nilisogea. Haki lazima ionekane ikitendeka, na korosho pia.

"Mzee Reginald, unaye mke mwingine mbali na Bibi Julia?"

"Huyu mmoja ananishinda, wa pili nitampeleka wapi?"

"Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Alhamisi ulikwenda wapi?"

Rungu likasimama hewani. Babu akalitazama kana kwamba limeuliza swali lile.

"Kutembea."

"Na Alhamisi ya kabla yake?"

"Kutembea."

"Kwa viatu vya Pasaka? Na shati la kupitishia sahani? Babu, Bibi anasema siku hizo mbili chooni palinukia sabuni ya manukato mpaka mbuzi wa jirani wakaja kuchungulia. Mtu hajipaki manukato akienda kutazama mikorosho."

"Miguu ni yangu, viatu ni vyangu."

"Ulikwenda kwa nani?"

Alibangua korosho moja. Ikavunjika vipande viwili, jambo ambalo Babu huwatukania watu wengine.

"Queen, mimi nina kazi," akasema. "Kama unataka kujua mambo, kamuulize Mwali. Yule anajua kila kitu."

Maneno hayo nayaingiza hapa kwa ukamilifu wa kumbukumbu tu. Tume haina chuki na mtu wala chombo. Ni kweli kwamba zamani nikirudi likizo Babu alikuwa ananisubiri na chupa za dawa za mikorosho nimsomee maandishi yake, na habari za redioni nimfafanulie, na ubishi wa vita vya Ulaya alionitunzia muhula mzima. Ni kweli kwamba bakuli la kwanza la korosho za moto lilikuwa langu. Siku hizi nikifungua mdomo Babu anainua kidole na kusema, "Ngoja kwanza, nimuulize Mwali." Bakuli la kwanza linawekwa mbele ya kisanduku kisikie zinavyolia zikipoa, eti kinajifunza. Kisanduku hakina meno.

Tuendelee na upelelezi.

Mtu mwenye viatu vya Pasaka hatembei kwa miguu kwenye vumbi la Newala. Hiyo ni hoja yangu ya kwanza ya kitaalamu, nami najivunia. Amepanda bodaboda. Na bodaboda ya kijiweni kwetu inayokubali kuendeshwa kwa mwendo wa mzee wa kanisa ni moja tu, ya Ashiru. Nilimkuta Ashiru amelala juu ya pikipiki yake, upepo wa ukingoni mwa mlima ukipeperusha koti lake, mbele yake bonde lote mpaka vilima vya mawe vya Masasi.

Nilimwekea ming'oko ya kuchemsha, viazi vya porini vya kwetu, juu ya tangi.

"Hii ya nini?" akauliza, bila kufungua jicho la pili.

"Posho ya shahidi."

"Shahidi wa nini? Mimi sijaona kitu."

"Bado sijauliza."

"Babu yako aliniambia nisiseme." Akala mmoja. "Hakusema nisionyeshe."

Akanyoosha kidole upande wa pili wa soko, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Kwa Ziada, yaani Mama Furaha. Mjane. Mwenye mwanya. Mwenye kicheko kinachosikika mpaka ofisi ya kata.

Nakiri kwamba hapo Tume ilianza kujitilia shaka. Nilikuwa nimeanza upelelezi huu nikiwa na hakika kubwa kwamba mke wa pili hayupo. Hakika hiyo ilikuwa na sababu zake, ambazo sikuona haja ya kuzitoa mapema.

Mama Furaha alikuwa uani kwake, naye akibangua. Redio ilikuwa inapiga taarabu kwa sauti ya kuezua bati, na chini ya redio, kwenye kistuli, kulikuwa na Mwali wake, amevikwa kitambaa cha kufumwa kama meza ya bwana harusi.

"Shikamoo, Mama Furaha!"

"Marahaba, mwanangu! Umetumwa na nani, kanisa au nyumba?"

"Nimetumwa na haki!"

"Haki inakunywa uji? Kaa!"

Alipunguza redio kidogo. Nilikaa. Uji ulikuwa mzuri, nikauorodhesha kama jambo lisilo na uhusiano na kesi.

"Mzee Reginald anakuja hapa kila Alhamisi," nikasema.

"Anakuja."

"Kwa viatu."

"Vinang'aa, we! Mtu unajiona ndani yake."

"Anakuja kufanya nini?"

Mama Furaha akanitazama, mwanya ukaanza kujitokeza.

"Anakuja kutamani," akasema.

Nilisimama na bakuli, uji ukafika ukingoni.

"Si mimi, mtoto! Usinimwagie uji. Anatamani bei yangu." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwali wangu ananipa bei kubwa kuliko wa kwenu. Punje zile zile, weupe ule ule. Babu yako alisikia wapi sijui, tangu hapo hana usingizi. Anafika saa ya bei, ananiuliza habari ya mguu wangu. Mguu wangu hauna kitu! Huku anaulizia mguu, sikio limeelekea kistulini. Ndiyo maana ya redio. Akivuka kizingiti, naongeza."

"Na viatu?"

"Mwanamume mtu mzima ataendaje kumwonea mwenzake wivu akiwa na ndala? Anataka nidhani amepita tu akitoka kwenye kikao."

Nilijaribu kuwa Tume, lakini nilikuwa nafurahi mno. Kisha nikauliza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu.

"Kwa nini unaificha? Si umwambie tu, na yeye akadai?"

Kicheko kikamwishia. Akafuta majivu vidoleni kwa upindo wa kanga.

"Zamani mnunuzi alikuwa anakuja na bei moja kwa wote. Jioni tulikaa kisimani tukamsema pamoja, mpaka masikio yanamuuma huko aliko. Siku moja tulimgomea wote, akapandisha. Sasa kila mmoja ana bei yake, ameambiwa sebuleni kwake peke yake. Nikisema yangu, mwenye ndogo atanichukia. Nikisikia ya mtu ni kubwa kuliko yangu, mimi ndiye nitakayemchukia. Kule kisimani sasa tunasalimiana kwa makini. Hakuna anayemsema mnunuzi. Tunachunguzana vikapu."

"Na unajua kwa nini yako ni kubwa?"

"Sijui, na naogopa kuuliza isije ikashuka." Akainua mkono kwenye redio. "Mwambie bibi yako mume wake ni mzima. Ana ugonjwa wa jicho tu. Na mwambie asiseme nimesema."

Redio ikapanda. Mahojiano yalikuwa yamekwisha.

Mpelelezi wa kawaida angerudi nyumbani hapo hapo. Lakini mimi nilihitaji jambo moja kutoka kwa kampuni, hivyo nikashika njia ya ghala la Punje Bora, karibu na stendi.

Afisa wa kampuni ni Kaka Cecil. Miaka ya nyuma ndiye aliyekuwa anafika uani kwetu na mizani yake, anabishana na Bibi juu ya kila punje, wanatishiana, Bibi anamfukuza, anarudi, wanakunywa chai. Sasa nilimkuta amekaa juu ya magunia, anafuta vumbi kisanduku kilichoharibika, kwa mswaki.

"Shikamoo, Kaka Cecil."

"Marahaba, msomi. Likizo?"

"Kazini. Nieleze mwajiri wako anapangaje bei."

"Mwajiri wangu simjui. Namjua Mwali."

"Basi yeye. Kwa nini nyumba yenye wake wawili ipewe bei ndogo? Korosho hazijui idadi ya wake."

Hakushangaa swali. Nadhani Mama Trevor alikuwa amepita hapo na ungo.

"Korosho hazijui," akasema. "Lakini Mwali amesikiliza nyumba nyingi. Hapa, Tandahimba, mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Ameona kwamba nyumba yenye ugomvi haibishani na bei. Mmoja anataka nauli ya kwenda kwao, mwingine anataka kuuza kabla mwenzake hajauza. Inakubali chochote. Basi anawapa chochote."

"Nani alimfundisha ubaya huo?"

"Hakuna. Aliambiwa anunue kwa faida. Mengine amejifunza mwenyewe, akiwa amefunikwa kanga zenu."

"Na Mama Furaha?"

"Hana wa kumlisha, hana mgonjwa, anaweza kukalia punje zake mwezi mzima. Mwali analijua hilo. Yule anabembelezwa." Akaupuliza mswaki. "Zamani tajiri alikuwa mwenye ghala na lori. Siku hizi hili ghala tumepanga, lori tumekodi. Tajiri ni yule anayejua nani ana haraka."

"Wewe una haraka?"

Nilisema kwa utani, lakini Kaka Cecil akaacha kufuta.

"Mke wangu amejifungua juzijuzi. Nilimwambia Mwali ili nipate ruhusa. Ruhusa nilipata, na hongera ndefu. Tangu siku hiyo safari zote za vijijini, zile zenye posho, anapewa kijana mmoja wa Nanyamba. Yule akikasirika ataacha kazi. Mimi nina mtoto mchanga, siachi." Alitazama nje, kwenye pikipiki ya kampuni iliyokuwa inatoka getini na mtu mwingine juu yake. "Kijana mwenyewe punje nzima na punje iliyopasuka hajui kutofautisha. Ananipungia mkono, unamwona? Ananipungia."

Tulimtazama wote wawili mpaka alipopotea. Kisha nikauliza kile kilichonileta, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Mtu akimpa Mwali habari, jina lake linaonekana wapi?"

"Mimi silioni. Ila mwenye nyumba akimuuliza kwa sauti yake mwenyewe, Mwali anamweleza neno kwa neno. Muulizeni tu, mbona rahisi."

"Na habari inaweza kufutwa?"

"Inarekebishwa. Kufutwa hapana. Akishajua hapa, ashajua kote." Akanikazia macho. "Mbona unatokwa jasho?"

"Jua kali."

"Tuko ndani ya ghala, Queen."

Nilimshukuru kwa ushirikiano wake. Maelezo yake hayo ya mwisho nilipoyapima njiani niliona hayana uzito wa kutosha kuingia kwenye ripoti.

Jioni Tume ilikutana sebuleni. Bibi alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, kanga mbili zilizofungwa fundo moja kubwa. Babu alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyejua nyumba hii ni ya nani. Kwenye meza, Mwali alikuwa chini ya kanga na sufuria, kama nilivyoagiza.

Nilisimama nikakohoa, kama tunavyofundishwa kwenye mdahalo.

"Mheshimiwa Bibi, Tume imemaliza kazi yake. Imebaini kwamba Mzee Reginald hana mke wa pili. Safari zake za Alhamisi zilikuwa kwa Mama Furaha—"

Bibi akainuka nusu.

"—ambako alikuwa anachungulia bei. Anamwonea wivu. Alivaa viatu kwa ajili ya wivu huo."

"Reginald?" Bibi akasema.

Babu akatazama dari. "Punje zetu ni nyeupe kuliko zake," akasema. "Wewe mwenyewe unajua."

"Ulinunua sabuni ya manukato kwa ajili ya bei?"

"Sabuni yenyewe ilikuwa imeshuka bei."

Nikaona Bibi anataka kucheka na anajizuia, nikajua niko karibu kuvuka. Niliharakisha.

"Kwa hiyo Tume inahitimisha kwamba mashine imekosea, kwa sababu zisizojulikana. Tume inapendekeza kisanduku kirudishwe kwa kampuni leo hii, kikiwa kimefungwa hivyo hivyo, na Mheshimiwa Bibi afungue mzigo wake. Ahsanteni."

Nikapiga makofi mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia.

"Kaa," Bibi akasema.

Nikakaa.

"Umemhoji babu yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Ukamhoji mtoto wa bodaboda. Ukaenda kwa Ziada, na uji ukanywa, uko kwenye kola yako. Ukaenda mpaka kwa Cecil."

"Tume haikulala."

"Nani aliyesema nina mke mwenza?"

"Mwali."

"Yeye umemhoji?"

Kuku alilia jikoni. Nilimwonea wivu, kwa kuwa yeye hakuulizwa kitu.

"Kielelezo hakihojiwi, Bibi. Kuna taratibu."

"Mimi nimemlea mama yako," Bibi akasema taratibu. "Chungu kikivunjika, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutafuta mvunjaji. Anatafuta mpaka kwa majirani. Mahali pamoja tu hatafuti."

Alisimama, akaondoa sufuria, akafunua kanga. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka.

"Mwali. Mimi Julia. Nani alikuambia nyumba hii ina wake wawili?"

"Habari za jioni, Bibi Julia," Mwali akasema, mpole kama kawaida. "Niliambiwa na mke wa pili mwenyewe, Jumapili, mlipokuwa kanisani. Alisema: Sikiliza wewe kisanduku. Mimi ndiye mke mdogo wa Mzee Reginald. Wewe ni mgeni tu. Bakuli la kwanza ni langu, na maswali yake ni yangu. Siku moja nitakutoa humu ndani."

Babu aliangua kicheko. Alicheka akaegemea mlango, akajipiga mapaja yenye majivu. "Mke wangu! Kumbe ni mke wangu huyu! Julia, umesikia? Mtoto amefanya utani, kisanduku kikaamini!"

"Eti," nikasema upesi. "Utani tu. Hakijui utani. Kosa ni la kampuni."

Bibi hakucheka. Alikuwa bado ameinama juu ya meza.

"Mwali, huyo mke mdogo aliposema hayo, alikuwa anacheka?"

"Hapana, Bibi Julia. Sikusikia kicheko. Alikuwa analia kidogo."

Kicheko cha Babu kikaisha katikati.

"Sikiliza sasa," Bibi akakiambia kisanduku. "Hakuna mke wa pili. Yule ni mjukuu."

"Asante kwa marekebisho. Nyumba imetoka kwenye mgogoro. Bei itabaki ya chini mpaka utulivu uonekane."

Bibi akamfunika. Akakaa tena juu ya mzigo, sasa amenigeukia mimi, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Kwa sababu yako nimeaibishwa mbele ya Mama Trevor," akasema. "Kwa sababu yako usiku kucha nimemtazama mume wangu amelala nikawa simjui. Niambie kwa nini. Ndipo nitajua kama nafungua mzigo huu au nafunga wako."

Nilisimama. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa zuri.

"Bibi, tazama jinsi mambo yalivyo. Wewe ndiwe uliyekifundisha kisanduku kile kusikia korosho zilizoiva, kwa mlio wake. Ulikifundisha bure. Leo kinawafundisha wanawake wa Tandahimba, na kampuni inavuna. Wanawake waliokuwa wanakuja kukuuliza wewe hawaji tena. Kinakula maarifa yetu, kinatuuzia bei ya siri, jirani anamchukia jirani, na mwenye mtaji haonekani. Nami, kama kijana wa taifa hili, niliona ni wajibu wangu—"

"Hiyo ni insha," Bibi akasema. "Yote ni kweli, nami nitamuuliza Cecil. Lakini mtu halii kwa ajili ya insha. Kaa chini useme."

Nikakaa. Babu alikuwa ameingia ndani kabisa, amechuchumaa kando ya mlango, rungu bado mkononi, hanitazami kwa sababu alijua akinitazama nisingeweza kusema.

"Nilirudi Ijumaa," nikasema. "Nilikuwa nimemwekea Babu jambo la kubishana tangu mwanzo wa muhula. Nililiandaa, Bibi, nikalisoma hata maktaba. Nikamwambia. Akasema ngoja nimuulize Mwali. Mwali akamjibu vizuri kuliko mimi. Babu akafurahi, akamsogezea bakuli." Sauti yangu ilikuwa imeniharibikia, ikawa nyembamba kama ya mtoto wa chekechea. "Nilimwonea wivu. Yule. Kisanduku. Nikamwambia yale ili aropoke mbele yenu, mmcheke, mmtoe nje. Sikujua habari za bei. Nilitaka atoke yeye, Bibi. Sikutaka utoke wewe."

Babu akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo jambo lenyewe lilikuwa lipi, lile la kubishana, na Bibi akamwambia anyamaze kwanza.

Kisha akanyanyuka juu ya mzigo, akausukuma kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Fungua wewe," akasema. "Hilo fundo nililikaza kwa wivu. Kucha zangu haziliwezi."